Vitofali vya lego: niliwapa watoto, wao wamehamia kwenye mpira, mimi ndiye nimenasa. Kwa nini?

#1 MgosiWaNguvumali
Wakuu wa Tanga kwema. Nina hoja, msinicheke sana.

Dada yangu anaishi Maskati. Alipokuja likizo aliwaletea wanangu boksi la lego, vile vitofali vya plastiki vya kupachikana. Watoto wakavifurahia mpaka vikawachosha, sasa ukiwatafuta wako uwanjani na mpira. Anayekesha navyo ni baba yao. Nikitoka bandarini, nikishaswali Isha na kula, natandika shuka sebuleni, namwaga, najenga. Nikimaliza nabomoa, naanza kingine. Mama watoto akipita anaguna tu. Jirani aliingia kuazima pampu ya baiskeli akanikuta nimejikunja sakafuni na kitofali mdomoni, akauliza, "Kwani mtoto kalala?" Nikamwambia ndiyo, namalizia yake.

Dai langu: hivi vitu si vya watoto. Mtoto ni kisingizio cha kufungulia boksi. Ila sababu yenyewe siijui. Ni nini hasa kinachomnasa mtu mzima mwenye ndevu zake na madeni yake? Jibu la "una stresi" nimelikataa mapema.

#2 Kibahaluli
Una stresi.

#3 UsagaraKitambo
Uzi bila picha ni chai. Tupia picha tukuone na hizo ndevu.

#4 MgosiWaNguvumali
Umeme umekatika, nikirudishiwa naweka.

#5 BintiChumbageni
Mimi sicheki, maana niko hukohuko. Kazi yangu ni mahesabu. Mahesabu hayaishi: unafunga mwezi huku mwezi mwingine umeshakuvaa. Kitofali kina mwisho wake. Ukifika ukurasa wa mwisho wa kitabu cha maelekezo, kitu kipo mezani, unakishika, na hakuna bosi wa kukirudisha na kalamu nyekundu. Hiyo ndiyo sababu yangu, sijui yako.

Nina lile shada la maua lililotoka 2021, vipande 756. Liko juu ya friji. Kila mgeni anainuka kulinusa, na mimi nanyamaza kimya nimwangalie.

#6 Mama_Asumini
Maua yasiyonukia, tena Tanga? Mdogo wangu njoo kwangu nikupe kikuba cha kweli.

#7 FundiCherehani_Bar9
#5 sikubaliani na wewe dada. Mimi nashona. Kazi yangu inakwisha kila siku, nguo inakunjwa, mteja anachukua (au anapotea mpaka sikukuu ijayo). Kama sababu ingekuwa kumaliza, mimi ningekuwa nimeshashiba. Lakini seti ya mwanangu imenishika vilevile.

Kwangu ni vidole. Ile "tak" kitofali kinapokaa. Hakilegei, hakikatai kutoka. Pindua kimoja uangalie tumboni: kuna mirija. Vinundu vya kitofali kilicho chini yake vinaingia kati ya mirija na ukuta, vinabanwa huku na huku. Aliyefikiria hilo alikuwa fundi, hakuwa mfanyabiashara.

#8 Kibahaluli
Mjerumani huyo. Mjerumani akitengeneza kitu kinakaa, tazameni mnara wa saa pale Jamhuri.

#9 Mhandisi_Pongwe
#8 acha kumpa Mjerumani kila kitu. Lego ni ya Denmark, mji wa Billund. Mwanzilishi ni Ole Kirk Christiansen, seremala, alianza kuchonga vitu vya kuchezea vya mbao 1932. Vitofali vya plastiki walianza kuvitoa 1949, lakini vya mwanzo vilikuwa vitupu ndani, ukivipandisha juu vinaachia. Mirija anayoisema FundiCherehani iliombewa hataza, yaani haki ya mbunifu, tarehe 28 Januari 1958, na aliyeiomba ni mwanawe, Godtfred. Mzee akafariki mwaka huohuo. Ghala lao la mbao likaungua 1960, wakaachana na mbao moja kwa moja.

Na tusiwape sifa zote. Uingereza kulikuwa na bwana Hilary Fisher Page na kampuni yake Kiddicraft, tayari alikuwa anauza matofali ya kujishika miaka ya 1940. Wadenmark waliona sampuli zake, wakatengeneza ya kwao, wakaja kuyaboresha.

#10 SeremalaMabawa
Kwa hiyo alikuwa seremala. Nilijua. Wezi wa mawazo yetu ni wengi.

#11 Katani_Line
Sababu mnaizunguka tu. Ni utoto. Sisi tuliokulia kambi za mkonge tulikuwa na nini? Gari la waya na matairi ya kandambili zilizokatika. Ukimwona mtoto wa meneja na gari la betri unakaa mbali kama unatazama harusi ya watu. Leo una senti yako, unanunua kile ulichokitazama kwa mbali. Mgosi #1 unalipa deni la utoto wako, wala usione haya.

#12 Mzee_wa_Kwaminchi
Hamjambo vijana.

Katani_Line, sema utoto wako. Mimi gari langu la waya lilikuwa na usukani mrefu wa kuendeshea nimesimama, na kona linakata. Nililikunja mwenyewe kwa koleo la baba, akanichapa kwa ajili ya koleo, gari halikuvunjwa. Sikukosa kitu. Nikiona hivyo vitofali vya wajukuu naona ni kitu kilekile, tofauti ni kwamba waya ulikuwa wa bure.

Mnatafuta sababu ya nini? Nenda barazani wakati wa alasiri utawakuta watu wazima wenye wajukuu wanacheza bao mpaka adhana ya magharibi. Wengine drafti na vizibo vya soda, wengine keram, wengine karata na kelele juu. Umewahi kusikia mtu anawauliza kwa nini wanacheza? Mtu mzima amecheza tangu zamani. Kilichowashangaza ni rangi tu, kwamba kitu ni chekundu na njano. Kingekuwa cha mbao nyeusi mngekiita utamaduni.

#13 BintiChumbageni
Shikamoo mzee. Hilo la mbao nyeusi umenimaliza.

#14 Mzee_wa_Kwaminchi
Marahaba.

#15 UsagaraKitambo
Mzee nakuheshimu, ila bao halinunuliwi upya kila sikukuu. Hapa tunazungumzia boksi ambalo bei yake unalipa kodi ya chumba Mikanjuni na chenji ya nazi inabaki. Hao jamaa walishajua wazee wamenasa, ndiyo maana toka 2020 wanatoa maboksi meusi yameandikwa 18+. Titanic yao ina vipande 9,090. Mnara wa Eiffel una 10,001 na urefu wa karibu mita moja na nusu. Nani ana watoto wa kucheza na kitu cha mita moja na nusu? Hiyo ni biashara imekuona, ikakuita kwa jina.

#16 MgosiWaNguvumali
#15 mimi langu la zawadi jamani, sijatoa hata mia.

#17 UsagaraKitambo
La kwanza ni zawadi. Tutakutana kwenye la pili.

#18 Nesi_wa_Zamu
Nawasalimu. Naongeza ya kwangu. Mimi wodini siku nzima naamua: huyu aanze, yule asubiri, dawa hii, dozi hii, ndugu wa mgonjwa wanataka jibu. Nikirudi nyumbani mtu akiniuliza tu "tupike nini" natamani kulia. Kile kitabu cha maelekezo kinaniambia chukua viwili vyekundu, weka hapa. Basi. Siamui chochote. Akili inapumzika huku mkono unafanya kazi. Kwa hiyo mimi nasema raha iko kwenye kuelekezwa.

#19 Mhandisi_Pongwe
Nesi, mimi kitabu nakitupa siku ya kwanza. Kufuata picha ni kupanga, kujenga kunaanza pale kipande ulichonacho kinakataa kuwa kile unachotaka. Raha iko kwenye kukwama.

#20 Nesi_wa_Zamu
Hujafanya kazi ya usiku wewe.

#21 Mama_Wawili_Sahare
Sikuwa na nia ya kuandika, lakini nimesoma toka juu na naona wote mnazungumza kama mnajenga peke yenu.

Mwanangu mkubwa yuko sekondari. Alipovuka umri fulani akafunga mdomo. Unamuuliza shule vipi, "poa". Umekula, "ndiyo". Baba yake akimkalisha waongee kiume inakuwa kama baraza la usuluhishi, kijana anatazama mlango. Basi nilipata mfuko wa vitofali kwenye mitumba, vimechanganyika, havina boksi wala kitabu. Nikavimwaga kwenye sinia kubwa nianze kuvitenga kwa rangi, kwa sababu siwezi kuona kitu kimechanganyika nikalala. Kijana akapita, akakaa, akaanza kutenga na yeye. Hakuna aliyemwita. Tukiwa tunatenga, macho yote yako chini kwenye sinia, akaanza kusema. Mambo ya mwalimu mmoja, ya rafiki aliyehamia Korogwe, ya kwamba hataki masomo ya sayansi na anaogopa kumwambia baba. Yote hayo bila kunitazama usoni.

Nikaelewa kwamba kutazamana ndiko kulikokuwa kunamfunga. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unajiachia. Wanawake tunalijua hili toka zamani, tukichambua mchele pamoja ndiyo habari zote zinatoka. Sasa sinia hiyo haiondoki chini ya meza. Sina seti hata moja iliyokamilika na sijajenga kitu cha kueleweka.

Mgosi #1, wanao wameenda kwenye mpira, sawa. Usiwaite. Kaa hapohapo na shuka yako, mlango uwe wazi.

#22 Kibahaluli
Wangu nilimwachia vitofali tuzungumze, akaviuza kwa mtoto wa jirani. Tulizungumza kweli, ila si kwa utaratibu huo.

#23 Katani_Line
#22 huyo mpeleke chuo cha biashara mapema.

#24 NambaHazidanganyi
Naona hamjaleta hesabu. Chukua vitofali sita tu vya rangi moja, vya vinundu 2 kwa 4. Namna za kuviunganisha ni 102,981,500. Sita tu! Akili ya binadamu ikikutana na kitu kidogo chenye uwezekano usioisha inanasa. Ndiyo sababu, nimemaliza.

#25 Mhandisi_Pongwe
Hiyo ni namba ya zamani. Ilihesabu minara pekee, yaani kila kitofali juu ya mwenzake, ghorofa sita. Mtaalamu wa hisabati wa Copenhagen, Søren Eilers, alihesabu upya na kompyuta akaruhusu vikae vyovyote, akapata 915,103,765.

#26 NambaHazidanganyi
Hiyo inaipa nguvu hoja yangu mara tisa.

#27 FundiCherehani_Bar9
Tatizo la hoja yako mgosi, kitambaa nacho kina namna zisizoisha za kukatwa, na sijaona mtu anakesha na kitambaa kwa raha. Wanakesha kwa sababu kesho ni Idi.

#28 MuhezaMachungwa
Samahani nawatoa kidogo. Mimi nina vya mitumba, vichafu balaa, vina mafuta na mchanga. Wife anataka kuvichemsha kama chupa za mtoto. Inaruhusiwa?

#29 Mama_Wawili_Sahare
Usichemshe! Plastiki inajikunja, haikamati tena. Wenyewe wanasema maji yasizidi nyuzi 40, ya uvuguvugu tu na sabuni, kwa mkono. Mimi natia kwenye ule mfuko wa neti wa machungwa, nafunga, natikisa ndani ya beseni, nasuuza. Kuanika ni kivulini kwenye mkeka. Jua kali linageuza vyeupe kuwa njano.

Tena kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitatu, vidogo vyote viweke juu. Huyo mtafutie vile vikubwa, Duplo. Vina ukubwa mara mbili kila upande na vinapachikana na vidogo, akikua hutupi kitu.

#30 MuhezaMachungwa
Ahsante dada. Mfuko wa neti ninao, Muheza hii tunakosaje.

#31 Raskazone_Upepo
Mnaosema mitumba, mimi changu nimeokota ufukweni Mwambani. Kitofali cha bluu kimesuguliwa na mchanga mpaka kimelainika. Kuna kontena la lego lilizama baharini huko Uingereza, vinaelea dunia nzima. Hiki kimetoka kule.

#32 UsagaraKitambo
Chai ya leo ina tangawizi.

#33 Mhandisi_Pongwe
Kontena ni kweli. Meli Tokio Express, Februari 1997, karibu na Cornwall, ilipigwa na wimbi ikamwaga makontena 62, moja lina vipande karibu milioni 4.8. Mpaka leo watu kule wanaokota pweza na mazimwi ya plastiki. Lakini kutoka Cornwall mpaka Mwambani, kipite wapi? Kizunguke Rasi ya Tumaini Jema halafu kipandishwe na mkondo wa bahari kuja kwetu? Na vitofali vingi vya kawaida vinazama, havielei. Kuna mtoto alikuwa anaoga hapo Jumapili, mrudishie.

#34 Raskazone_Upepo
Simrudishii mtu. Changu cha Cornwall.

#35 DarMpita
Mimi niko Dar ila kwetu Pangani, naruhusiwa? Swali: vile vya Kichina vya bei ya chini ni haramu au ni halali? Kuna jamaa anasema atakamatwa navyo.

#36 Mhandisi_Pongwe
Karibu. Tofali lenyewe halina mwenyewe tena. Hataza za mwanzo zimekwisha siku nyingi, na Mahakama ya Haki ya Ulaya 2010 ilikataa umbo lile kuwa alama ya biashara. Ndiyo maana kuna kampuni halali zinazotoa matofali yanayoingiana nayo. Kosa ni kunakili seti nzima, picha za boksi na jina. China kwenyewe waliokuwa wanatoa seti za kuiga za Lepin walikamatwa 2019 kwa ajili hiyo.

#37 SeremalaMabawa
Halali sawa, ila ubora je? Nilinunua ya bei chee mjini, duka silitaji. Nusu vinabana mpaka ukucha unakatika, nusu vinaanguka ukipiga chafya. Mbao mbichi ina nidhamu kuliko vile.

#38 DarMpita
Mimi vyangu vinabana fresh. Ni bahati ya boksi.

#39 Katani_Line
Wanasema cha 1958 kinaingia na cha leo. Hapo ndipo pesa yako inapokwenda.

#40 Mhandisi_Pongwe
Vipimo ndiyo vilevile. Ila kabla ya 1963 walitumia plastiki nyingine, ya selulosi, ambayo inajipinda na umri. Plastiki ya sasa, ABS, ndiyo imekaa sawa toka hapo. Kwa hiyo cha 1958 kinaingia kama hakijapinda.

#41 MgosiWaNguvumali
Umeme umerudi. Wakuu mmenijazia uzi mpaka najuta kulala mapema. Picha hiyo hapo: nimeanza mnara wa saa wa Jamhuri kwa kukisia tu. Umetoka mfupi na mnene.

#42 Kibahaluli
Huo ni mnara au tangi la maji la Mabawa?

#43 BintiChumbageni
Unapendeza jamani, muacheni. Ila saa umeiweka wapi?

#44 MgosiWaNguvumali
Saa sina kipande cha duara. Nimebandika kizibo cha soda.

#45 Mhandisi_Pongwe
Hapa sasa ndiyo kwangu. Usikisie. Nenda pale asubuhi, piga picha ukiwa mbali na umenyooka, ili mnara usionekane unaegemea nyuma. Tumia mlango wake kama rula: mlango mmoja unaingia mara ngapi mpaka juu, mara ngapi upana. Halafu amua mlango wako wa lego ni vitofali vingapi, vingine vyote vinafuata.

Kumbuka kitofali si mchemraba. Nafasi ya kinundu kimoja ni milimita 8, lakini kimo cha tofali ni 9.6. Ukihesabu vinundu vya chini ukavilinganisha na matofali ya kwenda juu, kipimo kinakwenda kombo, ndiyo ugonjwa wa mnara wako. Bamba jembamba ni milimita 3.2, matatu yanafanya tofali moja. Na kuna siri ambayo ukiijua hulali: mabamba matano yaliyopandana ni milimita 16, sawasawa na vinundu viwili. Kwa hiyo unaweza kulaza sehemu ya ukuta ubavu, vinundu vikatazama nje, na ikaingia kwenye nafasi yake bila ufa. Uso wa saa ujenge hivyo, ulale kwenye ukuta. Kizibo kiache, kinapendeza.

#46 FundiCherehani_Bar9
Yaani tano za 3.2 ni mbili za 8. Nimekaa nimehesabu kwa chaki juu ya kitambaa cha mteja. Huyu seremala wa Denmark Mungu amsamehe makosa yake.

#47 Nesi_wa_Zamu
Mhandisi, haya maelezo yako marefu si ndiyo kitabu cha maelekezo ulichokitupa?

#48 Mhandisi_Pongwe
Hicho nimekiandika mimi.

#49 Katani_Line
Mnara umepita. Tujenge treni. Reli ya Tanga ndiyo heshima yetu, ilianza kujengwa hapahapa 1893, ikafika Moshi 1911. Wana Dar na treni yao ya mwendokasi ya umeme wakae kando.

#50 NambaHazidanganyi
Nimeshakokotoa. Reli ya lego ina upana wa milimita kama 38. Reli yetu ni ya mita 1. Uwiano ni takriban 1 kwa 26. Behewa la mita 12 litakuwa na urefu wa sentimita 46, vinundu 57. Shida ni abiria. Vile vijitu vya lego vina kimo cha sentimita 4. Kwa uwiano huo vitakuwa na kimo cha mita moja na kidogo.

#51 UsagaraKitambo
Kwa hiyo treni nzima ni chekechea wanakwenda Mombo.

#52 SeremalaMabawa
Na kondakta ndiye mrefu, sentimita mia na nne.

#53 Ostadhi_Ngamiani
Amani kwenu. Nimesoma yote. Swali langu ni hivyo vijitu vyenye nyuso, na israfu ya pesa. Mnajengaje nyumba ya plastiki na ya udongo haijaezekwa?

#54 Mzee_wa_Kwaminchi
Ostadhi, la nyuso kila mtu amuulize sheikh wake, tusitoe fatwa mtandaoni. La kuezeka umesema kweli, kuna watu humu nawajua.

#55 UsagaraKitambo
Mzee usitaje majina.

#56 Mama_Asumini
Mimi nimekaa nawasoma nacheka. Nyie wanaume mmetafuta sababu kumi. Mume wangu alikuwa anatoka kila usiku kwenda maskani, kahawa na siasa za mpira, Coastal imefanya hivi, Simba imefanya vile. Shemeji yake alimpa boksi la gari la mbio, akaanza kubaki ndani. Sijui kimemnasa nini na wala sijamuuliza. Nikimuuliza atafikiri.

#57 Kibahaluli
Wakuu hiyo #56 mama yetu kaua. Lakini narudi kwa jibu langu la #2, halijapingwa na mtu yeyote.

#58 Nesi_wa_Zamu
Limepingwa kitaalamu. Mwenye stresi hawezi kupata kipande cha kahawia kwenye rundo la vyeusi usiku na taa ya kuchaji. Anarusha sinia.

#59 MuhezaMachungwa
Hilo la kahawia na nyeusi ni mtihani kweli. Mimi natenga mchana, kila rangi kwenye shimo lake la trei ya mayai.

#60 FundiCherehani_Bar9
Trei ya mayai! Vifungo vyangu vyote vinahamia huko kesho.

#61 MgosiWaNguvumali
Taarifa fupi. Leo nimekwenda Jamhuri kupiga picha kama alivyosema Mhandisi. Mwanangu wa mwisho kanifuata na baiskeli yake, kasimama pale chini anahesabu milango kwa kidole. Kaniambia mlango ni mkubwa kuliko ninavyofikiri, na kwamba mnara wangu nimeanza na msingi mpana mno. Sasa amekalia shuka, mimi nimepewa kazi ya kumtafutia vipande.

#62 Kibahaluli
Umeshushwa cheo.

#63 Mhandisi_Pongwe
Mtoto yuko sahihi. Mwanzie vinundu 12 kwa 12, apunguze akipanda. Na zile kona azifungie kama ukuta wa tofali za kweli, zipishane, asizipange mstari mmoja.

#64 MgosiWaNguvumali
Nimemsomea. Anasema anajua. Kilichobaki ni bamba la chini la kijivu, hatuna kubwa. Mwenye nalo Tanga mjini aje inboksi, nina matairi manane na madirisha meupe ya kubadilishana.

#65 DarMpita
Matairi ya ukubwa gani?